Mwizi Aliyevunja Mayai

Haba na haba hukausha kibaba. Najua mwalimu wetu wa Kiswahili angeikata methali hiyo kwa kalamu nyekundu, lakini mwalimu wetu hajawahi kupanda pikapu ya mama yangu. Mimi nimeipanda kila asubuhi ya shule, na nimeona jinsi kitu kinavyokwisha kidogo kidogo huku kila mtu akiapa kwamba hajakigusa.

Mama hufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu. Ni kuku mia nne, na kelele zao ndizo saa yetu ya kuamkia. Kila alfajiri mimi na mama tunaokota mayai, tunayafuta kwa kitambaa, tunayapanga kwenye trei. Kisha mjomba, mdogo wake mama, huyapakia kwenye pikapu na kuyasambaza madukani, hospitalini na kwenye bweni la chuo. Shule yangu iko njiani, kwa hiyo mimi hukaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, hadi langoni.

Mtaani mjomba huitwa Rubani, kwa sababu gari akilishika yeye huwa kama linataka kupaa. Jina hilo analipenda. "Gari likienda polepole linaota kutu," husema, kisha anakanyaga mafuta.

Mwaka huo bei ya mafuta ilipanda mara tatu kabla hatujafunga muhula wa kwanza. Kila ilipopanda, mama alirudi kutoka kituo cha mafuta, akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kana kwamba kiti kiko mbali mno. Alianza kuchanganya chakula cha kuku mwenyewe kwa koleo, ili kubana matumizi, hadi viganja vikaota sugu. Hakulalamika. Alichoka tu, na uchovu wake ulitanda nyumba nzima kama vumbi la pumba. Hata sisi watoto tulianza kuongea kwa sauti ya chini.

"Zamani tukijaza tangi Jumatatu, tulifika nalo Jumamosi," alisema jioni moja. "Sasa Alhamisi mshale uko chini. Njia ni zile zile, maduka ni yale yale. Mafuta haya yanakwenda wapi?"

Mjomba alikuwa anakunywa chai. Alikipuliza kikombe taratibu, akasema, "Dada, mimi sitaki kumsingizia mtu. Lakini gari linalala uani. Na uani anakesha nani?"

Uani alikesha Mzee Tochi, mlinzi wetu. Tulimwita jina hilo kwa sababu tochi yake haikutoka mkononi hata saa sita mchana. Alianza kazi kwetu mama alipokuwa na kuku thelathini tu.

"Mzee yule?" mama aliuliza.

"Wazee nao wana matumbo, dada. Mpira mmoja, dumu moja, anafyonza dakika tano, kazi imekwisha."

Mama alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu alimwita Mzee Tochi, akamwambia mafuta ya gari yanaibwa usiku, basi atafute kazi mahali pengine mwezi ukiisha. Aliyasema hayo akitazama chini, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Mzee hakupandisha sauti.

"Mama, gari hilo mimi naligusa kwa jambo moja tu. Nayagonga matairi. Nimemwambia kijana huyu mara ngapi, haya matairi yana njaa, hayana upepo. Gari lenye matairi laini linajiburuta, linakula mafuta bure."

"Msikilizeni fundi wa tochi!" mjomba akacheka.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akarudi kibandani kwake. Niliona mgongo wake umepinda kuliko jana. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema.

Nilijua mengi. Nilijua kwamba kila asubuhi mjomba huwasha gari, halafu hurudi ndani kunywa chai na kutafuta viatu, injini ikinguruma peke yake uani kama mgonjwa aliyesahauliwa. Akiona taa nyekundu mbele, badala ya kuondoa mguu, hukazana kuifikia, kisha hufunga breki hadi trei zinagongana nyuma. Kwa kinyozi husimama kupiga soga, gari likiwa limewashwa na kiyoyozi kikipuliza upepo nje ya dirisha lililo wazi. Na nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na giaboksi bovu la chuma ambalo alisema atalipeleka kwa rafiki yake kesho. Hiyo kesho ilikuwa na miezi miwili.

"Mambo ya garini yanabaki garini. Sawa, mpwa wangu?" alikuwa akiniambia.

"Sawa, mjomba."

Tena nitasema na la aibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nampigia makofi. "Mpite yule, mjomba! Mpite!" Nilipenda upepo usoni. Nilipenda wenzangu wanione nikishuka langoni kwa breki na vumbi. Kwa hiyo mzee alipofukuzwa, ulimi wangu ulikuwa mzito kama lile giaboksi.

Kulikuwa na jambo jingine. Mayai yalikuwa yakipasuka. Wenye maduka waliyarudisha, nasi tukayala sisi wenyewe: asubuhi mayai, jioni mayai, hadi mdogo wangu wa kiume akauliza kama tutaota manyoya. Mjomba alikuwa na jibu. "Ni chakula unachochanganya, dada. Maganda yamekuwa mepesi." Mama akaamini. Akawa anaongeza unga wa chokaa, anapima, anachanganya upya, anajilaumu.

Kisha jino la mjomba likauma. Shavu lilivimba likawa kama yai la bata, akalala chali siku tatu. Mama akashika usukani mwenyewe.

Mama huendesha gari kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alijaza upepo kwanza. Aliwasha gari pale tulipokuwa tayari kuondoka, si kabla. Taa nyekundu aliiona kwa mbali akaondoa mguu, na mara nyingi tulipofika ilikuwa imeshageuka kijani. Nilikereka, wenye pikipiki walitupita wakitucheka. Lakini siku ya tatu jioni nilitazama mshale wa mafuta na nikadhani umeharibika. Ulikuwa umeshuka kidogo tu. Na nyuma hapakuwa na yai hata moja lililopasuka.

Mjomba alikuja sebuleni, shavu limefungwa kitambaa, na habari hizo hazikumpa shida.

"Si nilikwambia? Mwizi anajua anaondoka, ametulia. Anataka umwonee huruma."

Mama alifumba macho. "Labda," akasema. "Sijui. Nimechoka, mdogo wangu. Mwezi unaisha keshokutwa, basi aende tu, yaishe."

Kupitia dirishani nilimwona Mzee Tochi akikunja blanketi lake. Alikuwa anajaribu kama litaingia kwenye mfuko.

"Mama," nikasema, "chakula cha kuku siku hizi tatu ni kile kile?"

"Kile kile."

"Na kuku ni wale wale. Basi mwizi anayefyonza mafuta usiku, anayavunjaje mayai mchana?"

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Mjomba alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona.

"Mtoto, nenda kalale."

"Bado jua linawaka, mjomba."

Nikasema yote. Chai na injini, taa nyekundu, kinyozi, giaboksi. Nikasema na makofi yangu, na jinsi nilivyoahidi kunyamaza.

"Dada, unamwacha mtoto anivue nguo hivi? Mimi niliyebeba mizigo yako jua na mvua?" Mjomba alisimama. "Mtoto ataniambia nini kuhusu gari! Anajua hata klachi iko wapi?"

Mama hakubishana naye. Alikuwa amechoka mno kubishana. "Kesho utaendesha wewe," akasema. "Mimi nitakaa nyuma, na mayai."

Asubuhi ile sitaisahau. Mama alipanda nyuma ya pikapu na kanga yake, akaketi kati ya trei kama kuku anayeatamia. Alipofunua turubai apate pa kuegemea mgongo, alilikuta giaboksi. Alilitazama. Akamwita Mzee Tochi, wakalishusha pamoja, pumzi zikiwatoka, wakaliacha uani.

Na mjomba aliendesha! Nakwambia, aliendesha vizuri kumpita mama. Aliondoka taratibu, akabadilisha gia bila mtikisiko, akaiona taa kwa mbali akaliacha gari lijiendee lenyewe. Kwa kila duka alizima injini. Kinyozi alimpungia mkono, yeye akajifanya anatazama kioo cha pembeni. Jasho lilimtiririka shingoni, na kiyoyozi hakukigusa.

Jioni niliporudi kutoka shule, mama alikuwa ameketi juu ya ndoo yake, pumba kwenye nywele. Pikapu iliegeshwa mbele yake. Mshale ulikuwa karibu na pale ulipokuwa asubuhi, na mayai yote yalikuwa yamefika salama.

"Kumbe unajua," alimwambia mjomba. Hakufoka, na nadhani ndiyo maana iliuma. "Kumbe siku zote ulikuwa unajua. Ukiwa na mimi nyuma unajua, nikiwa sipo husikii wala huoni. Mimi nimechanganya chakula hadi mikono imepasuka, nikidhani kosa ni langu."

Kisha aliinuka, akaenda kibandani kwa Mzee Tochi. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Baba, nimekukosea. Nilimtafuta mwizi kwa tochi, naye ameketi kwangu anakunywa chai. Nisamehe. Usiondoke."

Mzee alilitazama lile blanketi kando ya mfuko. "Blanketi lenyewe lilikataa kuingia," akasema. "Nilijua lina sababu."

Mama alicheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo, kimechakaa, lakini kilikuwa cha kwanza tangu bei ipande. Alituita sote pale uani, pamoja na mjomba.

"Sikilizeni, nisiseme mara mbili. Bei ya mafuta hatuipangi sisi. Hata nikilia pale kituoni haitashuka. Lakini mguu ulio juu ya pedali ni wetu. Mafuta hayaibiwi kwa mpira na dumu peke yake. Mguu nao huiba, na kinywa kinachojua kikanyamaza huushikia taa. Kuanzia leo gari linawashwa likiwa linaondoka, matairi yanajazwa upepo kila wiki, na Mzee ndiye atakayeyakagua. Nani ana neno?"

Mjomba alikuwa nalo. Alisimama kando ya giaboksi lake, mikono kifuani.

"Nimekubali makosa, dada. Nitajirekebisha. Lakini huyu mtoto amenisema mbele ya mdogo wake, na mlinzi anasikia dirishani. Mimi ni mjomba wake. Heshima iko wapi? Aniombe radhi."

Mama alinigeukia. Uso wake ulikuwa unataka jambo moja tu, kwenda kulala. "Mwanangu, ni mkubwa wako," akasema taratibu.

Nilisimama, kama tunavyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa. Kwanza nilimwendea Mzee Tochi. "Babu, nilijua, nikanyamaza hadi ukakunja blanketi. Naomba unisamehe." Akanigusa kichwani. Nikamgeukia mama. "Mama, nilimshangilia akimwaga mafuta yako. Nisamehe." Mama akaitikia.

Kisha nikamtazama mjomba, bila kumkodolea macho.

"Shikamoo nitakupa kila asubuhi, mjomba, na trei nitakubebea. Lakini kwa kusema kweli siombi radhi. Siombi leo, na ukiniuliza kesho garini, siombi."