Bwawa la Nne Halitiwi Chumvi

"Mwalimu, samaki wa bwawa la nne wanalishwa na nani?"

Devotha aliuliza hivyo darasani, mkono juu, kama mtu anayestahili kujibiwa. Wanafunzi wa kozi ile fupi ya ufugaji wa samaki walikuwa na zamu za kulisha bwawa la kwanza, la pili na la tatu. La nne, kule juu ubavuni mwa Uluguru, halikuwa na zamu ya mtu. Na perege wake ndio walionenepa kuliko wote.

Mwalimu Athanas akageuka, akafuta ubao. Alifuta hata pale ambapo hapakuandikwa kitu.

Asubuhi iliyofuata kitanda cha Devotha kilikuwa kitupu.

"Kapanda lori la Dodoma huyo," mwanafunzi mwenzake, Abel, akatangaza kwenye foleni ya uji. "Madereva hawana hiyana, bwana!"

Foleni nzima ikacheka. Mwalimu naye akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuazima, akasema mabinti wa siku hizi hawana uvumilivu. Basi, kesi imefungwa. Binti akipotea, kafuata mwanaume. Ya nini kumtafuta? Ya nini kumpigia mama yake kule Gairo, aliyeuza karanga zake zote ili mtoto asome? Hizo ndizo akili za watu wanaojiita wazima.

"Lori gani limembeba peku?" Shadia akauliza. Alilala kitanda cha chini ya kile cha Devotha, na viatu vya shoga yake bado vilikuwepo pale pale sakafuni.

"Dada, wewe kila kitu mdahalo," Abel akasema.

Shadia alipotaka kwenda polisi, mwalimu akamwambia amekwisharipoti. Alisema hivyo huku akipangusa buti zake. Buti za mwalimu wa mabwawa, ambazo hazijawahi kuona tope!

Jioni moja akamwita Shadia stoo, akampa mfuko wa chumvi. Perege wa bwawa la pili walikuwa na vidonda, wanatakiwa kuogeshwa maji ya chumvi.

"La pili tu," akasisitiza. "Bwawa la nne halitiwi chumvi."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Wale ni samaki wa maonyesho."

Samaki wa maonyesho! Hata mtoto ukimdanganya, unamheshimu kwa uongo wenye kichwa na miguu.

Shadia akaogesha samaki wake, akabakiwa na nusu mfuko. Ukungu ulikuwa unashuka mlimani. Ndege wamenyamaza. Alikuwa anasuuza beseni aliposikia…

Ngo. Ngo-ngo.

Ndoo inagongwa. Ndivyo walivyofundishwa: ukilisha, gonga ndoo, samaki wazoee sauti yako na waje ukingoni. Kila mwanafunzi na mdundo wake. Na huu aliujua.

Ulikuwa wa Devotha.

Ulitoka juu.

Akapanda, mfuko mkononi. Harufu ikamlaki kabla hajayaona maji: pumba zilizochacha, na kitu kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji siku nyingi. Perege walikuwa wamejazana ukingoni, midomo juu. Mbele yao amesimama mtu. Peku. Ngozi ya kijivu, kama aliyegaragara majivuni.

"Devo?" Shadia akanong'ona.

Hakugeuka. Alichota pumba, akawatupia samaki. Akachota tena, akatia mdomoni mwake.

Akatafuna.

Bibi yake Shadia, kule Matombo, aliwahi kumsimulia habari za misukule: watu wanaochukuliwa kwa uchawi, wakatumikishwa gizani, wakilishwa pumba, wasijue hata majina yao. Shadia alicheka. "Bibi, mchawi gani anashindwa kuajiri vibarua?" Bibi hakucheka. "Akionja chumvi, mjukuu wangu, hukumbuka."

Sasa akamwelewa mchawi huyo, na akamdharau kuliko alivyomwogopa. Mfanyakazi asiyelala, asiyelipwa, asiyeuliza. Ndiye mwanafunzi ambaye Mwalimu Athanas alimsifia kila asubuhi: "Hapa nataka mikono, sitaki midomo!"

Akamimina chumvi yote kwenye ile ndoo.

Mkono wa kijivu ukachota. Ukapanda. Taya zikasaga… zikasaga…

Zikasimama.

Devotha akaitazama ndoo. Akautazama mkono wake, mbele na nyuma. Sauti ikamtoka, kavu, kama inapita kwenye mchanga:

"Mwalimu… samaki wa bwawa la nne… wanalishwa na nani?"

Shadia akamnyooshea mkono.

Devotha akaweka ndoo chini taratibu. Akampita begani bila kumtambua, akashika njia ya mteremko, kuelekea barabara kuu. Shadia akageuka amfuate. Ndipo…

Ngo-ngo. Ngo.

Ng'ambo ya bwawa. Mdundo mwingine, asioujua. Samaki wote wakageuka kwa pamoja, wakaufuata. Kisha mwingine, nyuma zaidi, ndani ya ukungu.

Mfuko wa chumvi ulikuwa mtupu.

Alikimbia mpaka barabarani akiita jina la shoga yake. Hakumkuta. Polisi aliowaita walipokuja, walikuta maji na samaki, wakasifia samaki. Shadia akafukuzwa kozi kwa kosa la kutia chumvi bwawa la nne. Na hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya chumvi.

Kundi jipya limeshaanza masomo. Buti za mwalimu bado zinang'aa. Devotha hajafika Gairo, na mama yake, aliyesimuliwa yote na Shadia, kila jioni huweka kibakuli cha chumvi mlangoni.

Basi wewe unayepita barabara ya Dodoma, kuamini ni hiari yako. Lakini ukimkuta binti peku, wa kijivu, anayeuliza swali moja tu, tafadhali usimcheke. Mpe chumvi kidogo, umwonyeshe njia ya Gairo.