Boriti Haisemi Uongo

Hakuwa na kiwanja, hakuwa na gari, hakuwa na baba wa kumpelekea posa, hata suti hakuwa nayo. Fundi seremala yule alikuwa na nyundo, na mapenzi yaliyomkondesha.

Alikuwa juu ya ngazi akigonga boriti moja moja, katika nyumba kongwe kuliko zote mtaa ule wa miti mirefu, simu ilipolia. Mjomba wa mpenzi wake, mwenye nyumba.

— Umeshaandika?

— Namalizia, mjomba.

— Kijana, nyumba hii imo kwenye orodha ya majengo ya kale. Bila barua ya fundi kwamba boriti zimeoza, sibomoi, sijengi ghorofa. Na bila ghorofa, kwangu huna mke!

Barua ilikuwa mfukoni tangu asubuhi. Aliposhuka ikadondoka, ikatua miguuni pa binti mwenyewe, mpenzi wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. Akaisoma.

— "Boriti zote zimeoza." Umeandika wewe?

— Mpenzi, nisikilize...

— Lete nyundo.

— Ya nini?

— Lete nyundo, bwana!

Akapanda ngazi na gauni lake, akagonga boriti. Ngo! Mlio ukajaa chumba. Fundi ndiye aliyemfundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi: mti mzima hulia, uliooza huguna.

— Hii inalia au inaguna?

Fundi akaikamata ngazi isiteleze.

— Nakuuliza wewe, fundi wa mafundi!

— Inalia.

— Marehemu mama alinilea chini ya boriti hizi. Utanioa kwa kuniangushia nyumba ya mama?

— Nilikuwa nakupoteza! Ningefanya nini mie, maskini wa Mungu?

— Basi umepata njia ya mkato ya kunipoteza.

Fundi akaitwaa barua mkononi mwa binti. Akaketi sakafuni, akaichana ile barua, akaandika nyingine: boriti zote ni nzima, nimezigonga moja moja.

Ujumbe wa mjomba ukaingia: "Saa nane niwe nayo mkononi. La sivyo, msahau."

Akajibu: "Boriti ni nzima, mjomba. Niwie radhi."

Kisha akamwinulia binti macho.

— Umenisamehe?

— Sijakusamehe. Na mjomba ndiyo hakupi tena. Sasa hata mimi huna.

Lakini fundi alipoitia barua mpya katika bahasha, binti alimpokonya, akailamba, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

— Twende.

— Wapi?

— Ofisi ya majengo ya kale. Nataka niione ikiingia.

Wakapita chini ya miti, yeye mbele, fundi nyuma. Penye sanduku la barua la ofisi ile, fundi akaisukuma bahasha tunduni, akabaki ameshika hewa.