Wino Ndani ya Kopo la Poda

Sebuleni kwa Mchapaji palikuwa na makochi mawili, meza ya chakula na printa kubwa. Siku ambazo karatasi zilijaa kwenye makochi, mgeni alipewa kigoda, na hakuna aliyenuna. Mtaa mzima ulichapisha hapo: mitihani ya shule, kadi za harusi, matangazo ya vyumba vya kupanga.

Mchapaji hakupenda kupoteza kitu. Printa yake ilitumia wino wa unga, mweusi tititi, laini kuliko unga wa ngano. Wino huo hukaa ndani ya kasha la plastiki liitwalo katriji. Katriji ilipokwisha, Mchapaji aliifungua kwa bisibisi pale pale sebuleni. Akaikung'uta, akautunza unga mchafu uliobaki, ili auchanganye na unga mpya.

"Haba na haba hujaza kibaba," alimwambia mkewe.

"Imejaza na makochi," mkewe alimjibu, huku akifuta vumbi jeusi.

Binti yao mdogo walimwita Bi Mrembo, maana hakukubali kutoka nyumbani bila kupakwa poda. Akishaogeshwa, alisimama wima, akainua kidevu, akafumba macho na kusubiri. Bibi yake, mama yake Mchapaji, hakuchoka kumtania.

"Mke mwenzangu, ukijipamba hivyo babu yako ataniacha!"

Asubuhi moja poda iliisha. Mama aliliacha kopo tupu dirishani. Mchapaji akaliona, akalipenda, kwa sababu kifuniko chake kilikuwa na vitundu vizuri vya kumwagia unga taratibu. Hakuuliza mtu. Alijaza wino wake mchafu humo, akaliweka chini ya meza ya printa, kisha akaingia chumbani kuongea na mteja kwenye simu.

Mama alikuwa uani akianika nguo. Bibi alikuwa jikoni akichambua mchele. Kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwenzake.

Kilichomkatiza Mchapaji ni ukelele wa mkewe.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Alitoka mbio, akaganda mlangoni. Katikati ya sebule alisimama mtoto mweusi tii kuanzia nywele hadi kifuani, kidevu juu, kopo mkononi. Alikuwa amejipaka poda mwenyewe, kama anavyopakwa kila siku. Sasa alikuwa akikohoa bila kupumzika, na kila akikohoa, vumbi jeusi lilimtoka mdomoni.

Mchapaji alibaki pale pale mlangoni. Alijua unga ule ni wake na mkono uliouweka pale ni wake.

"Maji ya moto!" Bibi alipiga kelele. "Leteni na maziwa! Maziwa yanaua sumu!"

Mama alikuwa tayari ameshika birika. Hapo akaingia jirani yao, mwanamke anayetengeneza printa za maofisini. Watu humwita Dada Fundi. Ukelele ulikuwa umemfikia nyumbani kwake.

"Weka birika chini, mama! Maji ya moto yanayeyusha wino huo, utamganda mwilini. Mtoeni nje kwanza, avute hewa safi!"

Alimnyanyua mtoto mwenyewe, akamtoa uani. Walimvua nguo pole pole, wakaziweka kando bila kuzikung'uta. Dada Fundi alimmwagia maji baridi machoni, mengi, taratibu, kisha wakamwosha kwa sabuni. Mama alimsukutua kinywa. Mate yalitoka meusi. Mama alipoyaona alikaa chini kwenye maji.

"Na maziwa?" Bibi aliuliza, akiwanyooshea kikombe.

"Hapana, bibi yangu. Anakohoa, yanaweza kumpalia yakaingia kwenye mapafu. Msimtapishe pia. Shemeji, usisimame kama nguzo! Chukua boksi la wino twende zahanati. Muuguzi lazima ajue mtoto amevuta nini."

Kule zahanati, muuguzi alisoma boksi, akamsikiliza mtoto kifua. Kilikuwa kikilia filimbi. Akamvalisha kifuniko cha puani kinachotoa mvuke wa dawa. Mchapaji alikaa akikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka, na kila kiliposhuka, aliogopa hakitapanda tena.

"Ajali haina kinga," alinong'ona.

"Hii ilikuwa nayo, shemeji," Dada Fundi alisema. "Nakuambia kwa sababu nakupenda. Unga huu ni chembe ndogo mno. Ukiukung'uta ndani, haukai chini. Unaelea, mnauvuta nyote, mnaula na chakula. Wenye pumu ndio huumia zaidi, na watoto. Na kitu cha kazi hakiwekwi kwenye chombo cha mtoto wala cha chakula. Mtoto hajui kusoma. Anajua kopo."

Mchapaji alilia, mkewe akimwona na mama yake mzazi akimwona. Hakujificha.

"Mimi nimemuua mwanangu kwa ubahili," alisema.

"Hajafa," muuguzi alisema. "Mmewahi, na mmemwosha vizuri. Atalala hapa leo tumwangalie. Akirudi nyumbani akikohoa tena au akipumua kwa shida, mrudisheni mara moja."

Mtoto alipona. Nyumba nayo ilibadilika. Mchapaji aliihamishia printa kwenye chumba cha nje chenye madirisha mawili, na mlango wake hufungwa kwa ufunguo. Siku hizi hafungui katriji. Iliyokwisha huitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akairudisha dukani anakonunua, kwa kuwa wenye duka huzikusanya. Unga ukimwagika, haufagii kwa ufagio mkavu. Huvaa barakoa na glavu, akaufuta kwa kitambaa chenye maji baridi. Wateja nao wakaanza kusifu kazi, maana ule unga mchafu ndio uliokuwa ukiweka madoa kwenye kadi zao. Sebuleni, kwa mara ya kwanza, wageni wanakaa makochini.

Siku moja alikuja mchapaji mwenzake wa mtaa wa pili.

"Ndugu yangu, nisaidie ule unga wako uliobaki. Nimekuja na chombo kabisa."

"Sina. Na ningekuwa nao nisingekupa."

"Uchoyo umekuanza lini?"

Uani Bi Mrembo alikuwa akiimba kwa sauti ya juu, akimkosea bibi yake maneno ya wimbo makusudi.

"Unamsikia huyo?" Mchapaji aliuliza. "Kelele hizo nilikaribia kuzizika."

Akamweleza yote, bila kujipendelea. Mwenzake alisikiliza, uso ukimbadilika. Alipomaliza kusikiliza, alikitazama chombo alichokuja nacho. Ilikuwa chupa tupu ya juisi, na nyumbani alikuwa na watoto wawili.