Chumba Alichoandaliwa Bibi

Kitanda kilitandikwa jioni, hakuna aliyekilalia, na asubuhi shuka lilikuwa na mikunjo.

Mama wa nyumba hiyo, mshonaji wa nguo, alilisawazisha kwa kiganja, akatoka. Alikuwa na mengi kichwani. Paa la jiko lilikuwa limefunuliwa, sebule imejaa mifuko ya saruji na maboksi ya vigae, na familia nzima ilikula imesimama.

Kazi ilianza ndogo tu. Mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake, alianguka akavunjika nyonga. Wakaamua kuigeuza stoo iwe chumba chake, chenye choo ndani, akitoka hospitali ahamie kwao. Fundi alipotoboa ukuta apitishe bomba, ufa ukapanda mpaka jikoni. Walipolifunua jiko, wakakuta mbao zimeliwa na mchwa. Wiki hiyohiyo binti yao wa miaka sita akashikwa na tetekuwanga.

"Nyumba kongwe ni kama mzee mbishi," alisema fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Polepole. "Ukimuuliza goti, atakueleza na mgongo."

Chumba cha Bibi ndicho pekee kilichokaribia kukamilika. Hospitali ilisema mgonjwa angetoka Jumatatu. Jumatatu akapata homa. Wakasema kesho, kisha kesho nyingine. Kila waliposema kesho, mshonaji alibadilisha shuka na kuweka bilauri ya maji. Na kwa kuwa binti alikuwa amechoka kufungiwa ndani, mama yake alimbunia mchezo: wafanye mazoezi ya kumpokea Bibi. Mtoto alisimama mlangoni, uso umejaa madoa ya dawa, akatamka kama yuko mbele ya darasa:

"Shikamoo, Bibi! Karibu chumbani kwako. Usiondoke tena."

Walifanya hivyo siku sita. Siku ya saba, chumba kikaitika.

"Marahaba."

Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeamshwa. Binti akapiga makofi. "Mama, Bibi amefika!"

Hapakuwa na mtu. Ila chumba kilinuka dawa ya kuchua, ileile aliyozoea kujipaka mama yake, na katikati ya mto palikuwa panabonyea taratibu, kama kichwa kinatafuta mahali pazuri pa kutulia.

Mshonaji alimbeba mtoto mpaka uani, kwa mumewe aliyekuwa juu ya ngazi akipigilia mabati. Mume alimsikiliza misumari ikiwa mdomoni.

"Umechoka, mke wangu. Hujalala siku ngapi?"

"Mtoto naye amechoka? Naye amesikia."

Kabla hajajibu, Polepole akatokea, mikono imejaa saruji. Alikuwa chooni mle ndani akiziba nafasi za vigae.

"Shemeji," alisema kwa kunong'ona, "mbona hamkuniambia mgonjwa ameshafika? Nimemsikia pale kitandani akisema, 'Ahsante fundi, vigae vimenyooka.' Nimeona aibu hata kugeuka, maana niko kifua wazi."

"Mama bado yuko hospitali," alisema mshonaji.

Polepole aliwatazama mmoja mmoja. Kisha, kwa mara ya kwanza, mtaa ulimwona akikimbia.

Kesho yake mchana wakamleta mganga, mama mfupi mwenye chetezo cha ubani. Aliingia peke yake. Alipotoka, makaa yalikuwa yamezimika na kuwa baridi kama kokoto, na viatu vyake amevishika mkononi.

"Nani aliyemkaribisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hatukumkaribisha yeye. Tulikuwa tunamngoja mama yangu."

"Mwanangu, kitanda kimetandikwa, maji yamewekwa, mlango uko wazi, na mtoto mdogo anamwamkia na kumwambia asiondoke. Mara saba. Wewe ungesema nini?" Alipangusa jasho. "Mimi huwatoa majini waliojipenyeza. Huyu ameingia kwa adabu kuliko mimi."

"Basi tutafanyaje?" aliuliza mume.

"Chumba mlisema ni cha Bibi. Basi Bibi pekee ndiye wa kumtoa. Akifika aseme, 'Chumba ni changu, toka.' Lakini asikosee akampa ruhusa ya kukaa. Akimpa, msinifuate tena."

Saa tisa simu ikalia kutoka hospitali: mgonjwa alikuwa njiani. Daktari alisisitiza jambo moja. Moyo wake ulikuwa dhaifu sana, asishtuliwe kwa lolote.

Wabebaji waliiweka machela sebuleni, kati ya mifuko ya saruji, ili wapumzike kabla ya kuingia kwenye ukumbi mwembamba. Bibi alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kukagua.

"Hii ni nyumba au ghala?" alitania.

Ndipo kikohozi kikasikika kutoka chumbani, kikohozi kikavu cha mtu mzima, kikifuatiwa na kitanda kilicholia kana kwamba aliyelala anageukia upande wa mlango ili asikilize vizuri.

"Nani yumo humo?" aliuliza Bibi.

Mshonaji alipiga magoti kando ya machela, akaushika mkono wa mama yake ambao mishipa yake ilimdundia vidoleni kwa udhaifu, ikiruka pigo moja na kurudi, na alijua kwamba akisema kweli huenda moyo ule ungesimama hapohapo kati ya saruji na vigae, na kwamba akinyamaza yule wa ndani angebaki, na mumewe akawa anamkodolea macho, na binti kule chumba cha nyuma anaita anataka kutoka, na harufu ya dawa ya kuchua ikawa inatambaa kutoka ukumbini mpaka ikawafikia wote, hata mbebaji mmoja akaziba pua. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni huruma, si kingine.

"Ni mgeni, Mama."

"Mgeni?" Bibi alijaribu kuinua kichwa. "Na mlitaka kumtoa kitandani kwa ajili yangu? Sikukulea hivyo, mwanangu."

"Mama, ngoja. Sema tu kwamba chumba ni..."

Lakini Bibi alikuwa mtu wa zamani, na heshima ya mgeni kwake haikuhitaji ushauri wa mtoto. Alikusanya pumzi zake chache, akapaza sauti kuelekea ukumbini.

"Mgeni wetu, usisumbuke! Kaa, baba, chumba ni chako. Mimi nitatosha hapahapa."

Mlango ukafungwa pole, na komeo likasikika likisukumwa kwa ndani. Mlango ule haukuwa na komeo. Polepole alikuwa bado hajalipachika.

Bibi alitabasamu, akafumba macho.

"Mnaona?" alisema. "Mtu mwenye adabu."