Zuhura Wawili, Cheti Kimoja

Nina miaka kumi na tisa, naishi Mtoni na mama yangu na mdogo wangu wa kike. Niliishia darasa la saba. Mbele za watu sauti huwa hainitoki, ndiyo maana nimeona haya niyaandike, japo kuandika kwenyewe kumenitoa jasho…

Mdogo wangu anaitwa Zuhura. Alipokuwa na miaka minne, mama aliona weupe ndani ya mboni ya jicho lake la kushoto. Zahanati wakasema ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji mapema kabla jicho halijazoea kutoona. Wakatutoa hofu, kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure hospitali ya serikali. Mama anakaanga mihogo, mimi nabeba mizigo sokoni. Bila hiyo bure tungempeleka wapi?

Mimi ndiye niliyekwenda naye. Kadi yake ya kliniki iliharibika maji yalipoingia ndani kwetu wakati wa mvua, hivyo mama alinipa cheti cha kuzaliwa. Nesi wa dirishani alikisoma, akamtazama Zuhura, akakisoma tena.

"Huyu ana miaka saba."

"Minne, dada."

"Cheti kinasema saba. Au huyu wa kwenu anakua kwa kurudi nyuma?"

Mzee mmoja kwenye foleni akadakia, "Mwanangu, hiyo dawa niletee na mie nirudi nyuma kidogo." Watu wakacheka.

Nilipoiona ile tarehe nikaelewa. Kabla ya huyu tulikuwa na Zuhura mwingine. Alifariki kwa homa, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mama alipojaliwa binti tena akampa jina lilelile, kama wengi wanavyofanya kwetu. Lakini sikujua kwamba hata cheti alimpa kilekile!

Nikainama, nikamweleza nesi kwa sauti ya chini.

"Sema kwa sauti, sikusikii."

"Zuhura wa kwenye hicho cheti alishakufa."

Zuhura akanivuta shati. "Kaka, mie nimekufa?"

Nikamnyanyua, nikampakata.

Nesi akasema tulete cheti chake mwenyewe, la sivyo tulipie kama wengine. Nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kijana, kwenye maandishi dada yako yuko hai na ana miaka saba. Nikikuandikia barua ya mwingine, jina hilohilo, baba huyohuyo, si wataona mnapunguza umri mpate vya bure? Kwanza yule wa kwanza aandikishwe kifo. Aje mama mwenyewe, na watu waliokuwepo msibani."

Nilimkuta mama anamenya mihogo.

"Jina lake ni hilo, baba yake ni yuleyule. Cheti kingine cha nini?" akauliza.

Nikamweleza alichotaka mtendaji. Akaacha kumenya.

"Nguo zake niligawa. Picha hatukuwahi kumpiga. Hicho cheti ndicho kilichonibakia, Shabani. Leo unataka nikamwandikishe kwamba amekufa?"

Nilirudi kwa mtendaji peke yangu, akaniuliza mama yuko wapi. Nikarudi hospitali, nikamkuta nesi mwingine, nikaanza kueleza upya. Nikampigia baba, aliyehamia Madale kwa mke mwingine. Akasema mambo ya vyeti nimuulize mama yangu.

Hasira zilinijaa. Mtoto yuko mbele yao, meno yake ya utoto yote yamo, hata moja halijatikisika, na bado karatasi inaaminiwa kuliko yeye! Na nyumbani vilevile. Mama alikuwa anamlinda Zuhura asiyekuwepo, huku aliyepo anagonga miimo ya milango upande wa kushoto. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja Zuhura alipita karibu na jiko, mkono wake ukagusa karai la mafuta. Hakuliona kabisa. Mama alimmwagia maji, kisha akamziba jicho lake zima, la kulia, kwa kiganja na kumwonyesha vidole.

"Vingapi hivi?"

"Mama, mbona umezima taa?"

Ulikuwa mchana, jua linawaka. Mama akaepua karai, akavaa baibui, akawaita majirani wawili waliokuwepo msibani. "Twende kwa huyo mtendaji wako," akaniambia.

Pale ofisini akaulizwa jina la marehemu.

"Zuhura."

"Na huyu?"

"Zuhura."

Mtendaji aliweka kalamu chini, akamsubiri amalize kulia.

Cheti kipya kilitoka Zuhura akiwa amebakiza kidogo atimize mitano. Alitibiwa bure. Daktari alisema upasuaji umekwenda vizuri, ila jicho lilikaa gizani mno. Mwanga linauona. Sura ya mtu haliitambui…

Ndugu zangu mnaonisoma, mpeni mtoto jina la marehemu mkipenda. Lakini karatasi ya marehemu mwachieni mwenyewe. Nawaombeni, kila anayezaliwa aandikishwe kivyake, na anayefariki vivyo hivyo, hata kama mkono unakataa kutia sahihi. Sisi tulichelewa, na aliyelipa ni mtoto.

Mama anavitunza vyeti vyote viwili kwenye mfuko mmoja. Zuhura bado hajui kusoma. Kila mama anapoufungua humsogelea, akavishika kimoja kimoja na kuuliza:

"Cha mie niliye hai ni kipi?"