Munyu Kwenye Pindo la Kitenge

Kule juu kwenye mgongo wa mlima, kila aliyepumua alitoa mvuke mdomoni kwa baridi. Generose alitoa. Shemeji yake Placide, aliyetangulia mbele, hakutoa.

Kwanza alidhani ni macho. Walikuwa wakitembea tangu alfajiri, wakitoka kwa mama mkwe walikoondoa matanga ya mumewe, Révérien. Masikio yalimziba, na kifua kiliwaka. Chini kabisa, nyuma ya ukungu, kulikuwa na ziwa, na Uvira, na binti yake Laure aliyebaki kwa jirani huko Nyamianda. "Mama, weye usiende kama Papa," mtoto alimwambia mlangoni. Generose aliapa kurudi.

Muda mfupi kabla, ukungu ulipotanda, Placide alichepuka kwenye mianzi kwenda haja. Alirudi upesi, akampa kiazi cha kuchoma. Kilikuwa cha moto. Generose alikila chote kwa njaa. Sasa tu alijiuliza: moto ulitoka wapi katika mianzi iliyolowa namna ile?

Vidole vyake vilipapasa pindo la kitenge. Kila anayevuka mlima ule hufunga munyu pale, chumvi ya punje nene. Ukungu ukiwatenganisha, mkikutana mnalamba munyu kwanza, kabla ya chakula. Kisicho mtu hakiwezi munyu. Na aliyekula kutoka mkononi mwake kabla ya munyu hashuki, hukaa juu akiombewa siku saba, asije akakipeleka nyumbani.

"Shemeji," alisema polepole, "hatujalamba munyu."

Yule hakugeuka. "Docteur alinikataza. Niko na tansio, damu inapanda."

"Asubuhi ulimaliza ndagala yangu yote ya munyu, samaki hadi vichwa, ukalamba na sahani."

"Weye mwanamke, unachunga hata midomo ya watu?"

Akacheka, na kicheko kile kilikuwa cha Révérien, kile kile cha mtu aliyezikwa siku arobaini zilizopita, na nyuma yake ikaja harufu ya sabuni ambayo Generose aliishika kwa mikono yake mwenyewe siku ya kuosha maiti, ikazidi harufu ya mianzi na ya udongo, ikamjaa puani na kooni, na miguu yake, ambayo hakuiamuru, ikaendelea kupiga hatua kumfuata huku mawe madogo yakiporomoka kando yake bila kusikika yakifika chini.

"Generose eee!" Sauti ilitoka mbali nyuma yake, ikikatizwa na kikohozi. "Uko wapi? Unakimbia kama mbuzi!"

"Salamu Maria, umejaa neema," alinong'ona. Akafungua fundo kwa meno na kuutupa munyu mgongoni pa yule aliyekuwa mbele. Kitu kililia kama mafuta kwenye kikaango. Ukungu ukapasuka. Mbele yake hapakuwa na mtu, wala njia. Palikuwa na ukingo wa genge.

Placide alifika akihema, mvuke ukimtoka mdomoni kama moshi wa jikoni. Alimvuta nyuma kwa mkono. Hakuuliza kwanza. Alifungua munyu wake, akalamba, akakunja uso.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Sauti ya nani?"

"Ya kaka yako."

Placide alifanya ishara ya msalaba. Kisha akamtazama kwa makini, kama mtu anayekagua noti.

"Shemeji, niambie kweli mbele ya Mungu. Hakukulisha kitu?"

Generose aliona mlango wa Nyamianda, na Laure amesimama pale. Siku saba. Na kama maombi hayatoshi?

"Hapana," alisema. "Hakunipa kitu."

"Asante Yesu. Haya, na weye lamba, tushuke. Mutoto anangoja."

Alinyoosha ulimi. Placide akamwekea munyu mwingi, punje nene nyeupe. Generose aliusikia ukikwaruza kama mchanga wa ufukweni. Ladha haikuja.

"Iko kali?" Placide aliuliza.

Alikunja uso vilevile alivyoona shemeji akikunja, akaitika kwa kichwa. Kisha akajifunika kitenge mdomoni, isionekane kama anatoa mvuke, akaanza kushuka kwa mtoto wake.