Bao Alilosingiziwa Mzee Rüstem

Kila Jumamosi asubuhi Gülfem alikunywa chai mbiombio, akachukua glovu zake na kukimbilia uwanja wa shule, juu ya bandari ya Tirebolu, huko Uturuki. Jumamosi hii hakwenda. Alibaki jikoni akimsaidia mama yake kutoa vichwa vya dagaa.

Mwalimu wake wa kudaka, Mzee Rüstem, alikuwa golikipa wa timu ya mji tangu ndevu zilipoanza kumwota hadi zilipoingia mvi. Aliokoa penalti, akajitupa matopeni, akavunjika vidole. Lakini siku moja ya mvua mpira ulimpita katikati ya miguu, timu ikashuka daraja. Watu wakasahau yote aliyodaka, wakashika huo mmoja. Wakambandika jina la Kapu Tobo, na hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile walilijua. Binadamu hatuna shukrani. Alipostaafu aliwafundisha makipa wa shule bure, na hakuna aliyempenda kama Gülfem.

Juma lililopita ilikuwa fainali ya shule za wilaya. Mara ngapi Mzee Rüstem alikuwa amemwambia, "Kona ikipigwa, usitoke golini kama huna hakika"? Gülfem alitaka kushangiliwa, akatoka mbio. Mpira ukampita juu ya kichwa, shule ikafungwa.

"Wewe vipi? Nani kakutuma huko?" nahodha alimfokea.

"Ami Rüstem ndiye aliyeniambia nitoke!" Gülfem alijibu akilia.

"Si nilisema? Kapu Tobo kamrithisha mtoto tobo lake!" mzazi mmoja alidakia, watu wakacheka.

Mwalimu mkuu aliuliza, "Ni kweli, Bwana Rüstem?"

Mzee alimtazama Gülfem. "Kama mtoto kasema, basi ndivyo," alijibu, akavaa kofia yake. Kesho yake aliambiwa apumzike, asije tena uwanjani.

Sasa mlango ulibishwa. Alikuwa Mzee Rüstem mwenyewe, amevaa koti lake la Ijumaa.

"Sikai, Mama Gülfem. Mchana huu nakwenda hospitali Trabzon, nikapasuliwe moyo. Nimekuja kutakana radhi."

Kwao, mtu hapandi kitanda cha kupasuliwa kabla ya kuwapitia majirani zake wote ili wahalalishiane, yaani wasameheane yote waliyokoseana. Anayejua kama atarudi ni Mungu tu.

"Nimekuhalalishia, kaka Rüstem. Nawe nihalalishie," mama alisema.

Mzee akamgeukia Gülfem. "Nawe, mwanangu. Huenda nilikufokea kupita kiasi. Nihalalishie."

Aliyekosewa ndiye aliyeomba radhi! Gülfem alijikaza. "Nimekuhalalishia, Ami," alinong'ona. Mlango ulipofungwa tu, aliangua kilio, akamweleza mama yake yote.

Mama hakumpiga. Alinawa mikono, akasema, "Vaa viatu. Basi halijaondoka."

Kituoni walijaa majirani, na mwalimu mkuu alikuwapo. Dada wa Mzee Rüstem alishika jagi la maji ya kumwaga nyuma ya basi, msafiri aende kama maji na arudi kama maji. Gülfem alipenya katikati yao.

"Ami, mimi ndiye ninayetaka radhi! Nilidanganya. Ulinikataza kutoka, nikatoka. Bao lilikuwa langu."

Yule mzazi aliyefanya mzaha siku ile alitazama viatu vyake.

"Nilijua, mwanangu."

"Mbona ulikubali?"

"Bao moja ni zito, nami nimelibeba nusu ya maisha. Nikaona mabega yako bado madogo." Alimwekea mkono kichwani. "Nimekuhalalishia, iwe halali kama maziwa ya mama yako. Lakini umenifurahisha. Tangu nianze kusimama golini, sijapata kumsikia mtu akisema bao halikuwa langu."

Mwalimu mkuu alimshika mkono. "Tusamehe, Bwana Rüstem. Ukirudi, uwanja ni wako."

Basi likaondoka, maji yakamwagwa barabarani.

Hakurudi. Moyo wake ulisimama akiwa mezani kwa madaktari. Mji mzima ulikuja kumzika, pamoja na waliomwita Kapu Tobo. Imamu alipouliza, "Mmemhalalishia ndugu yenu?" walijibu kwa sauti kubwa, "Tumemhalalishia!" Gülfem alisimama nyuma na wanawake, akilia hadi kwikwi zikamshika. Wote walimsamehe mzee, lakini ni wangapi waliowahi kumwomba yeye awasamehe?

Njiani kurudi nyumbani alimshika mama yake mkono. "Si alinisamehe, Mama? Mbona bado naumia?"

"Alikusamehe, na aliondoka na moyo mweupe. Ulifanya vyema kusema, tena mbele za watu," mama alisema. "Lakini juma lake la mwisho alikaa nyumbani peke yake, bila uwanja, bila nyinyi, kwa ajili ya uongo wako. Juma hilo hatuwezi kumrudishia, mimi wala wewe. Ndiyo maana kosa hukiriwa siku ile ile, mwanangu. Msamaha unaweza kuupata hata ukichelewa, lakini siku ulizomnyang'anya mwenzako hazirudi."